Matairi ya mgongo wa chura: usikubali 195

Ukiingia duka la matairi ukaomba tairi la Volkswagen mgongo wa chura, mara nyingi utaletewa 195/65R15. Ndilo linalovaliwa na Premio na Allion, kwa hiyo halikosekani. Muuzaji hakudanganyi, maana rimu yako ni ya inchi 15 na tairi hilo ni la inchi 15. Kasoro iko kwenye upana, na hapo ndipo magari mengi mazuri ya zamani yanapoharibiwa mwendo wake.

Namba ya kutafuta ni 165/80R15, yaani upana wa milimita 165, ubavu wenye kimo cha asilimia 80 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Ukikuta imeandikwa 165R15 tu, chukua, ni saizi ileile kwa matumizi yako: tairi la zamani lisiloandikwa kimo huhesabiwa kuwa na ubavu wa asilimia 82 hivi ya upana wake. 155R15 nayo ni sahihi kabisa, kwa sababu ndiyo radiali (tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimenyooka kutoka ubavu hadi ubavu) iliyopendekezwa na kiwanda kuchukua nafasi ya 5.60-15, ile krosiplai ya mwanzo, ambayo nyuzi zake hupishana kimshazari. Krosiplai bado zinatengenezwa kwa wanaotaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Kwa maonyesho zinapendeza. Kwa gari linaloingia barabarani kila wiki, na mvua zetu, funga radiali zote nne. Usichanganye. Radiali mbele na krosiplai nyuma ndio mchanganyiko wa hatari kuliko yote: mbele inashika, nyuma inaachia, na uzito wa gari hili, karibu asilimia 60, umekaa nyuma.

Sasa hilo la upana. Lala chini, usome maandishi yaliyogongwa kwenye rimu yenyewe. Rimu nyingi za matundu matano ya bolti zimeandikwa 4J x 15, na za baadaye 4½J. Hiyo 4 ni upana kwa inchi, yaani sentimita 10 na kidogo. Tairi la 165 linakubali rimu ya inchi 4 hadi 5½. Tairi la 195/65 linataka rimu isiyopungua 5½. Ukilibana kwenye inchi 4, mbavu zinavutwa ndani na uso wa tairi unatuna katikati kama mgongo wa kobe. Linakanyaga kwa ukanda wa katikati tu, kashata za katikati zinaisha na za pembeni zinabaki mpya, na kwenye kona tairi linalala ubavu badala ya kufuata usukani. Midomo ya tairi, yaani kingo zake zinazobana rimu, nayo haikai wima. Upepo ukipungua kidogo, kona kali inaweza kuutoa mdomo mahali pake.

Kuna sababu nyingine, tena kubwa zaidi. Volkswagen nyingi za modeli 1200, 1300 na 1500 zina ekseli za nyuma zenye kiungo kimoja tu, pale zinapotoka kwenye giaboksi. Mkia ukiinuka, ekseli nzima inashuka kwa pembe na magurudumu yanajikunja kuelekea chini ya gari. Ukikata kona kwa kasi, gurudumu la nje ndilo linalobeba msukumo wote wa pembeni, na msukumo huo unainua mkia. Kadiri tairi linavyong'ang'ania lami, ndivyo mkia unavyoinuliwa zaidi. Tairi jembamba linateleza kidogo mapema, dereva anasikia, anapunguza mwendo. Tairi pana linashika, linashika, halafu gari linageuka ghafla. Anayefunga tairi pana akidhani ameongeza usalama ameondoa onyo alilokuwa akipewa.

Wembamba haukulizuia gari hili kushinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na vumbi.

Kimo nacho kina hesabu yake. 165/80R15 lina kipenyo cha milimita 645. 195/65R15 lina 634 hivi, tofauti ndogo. Lakini 185/65R15, ambalo nalo huuzwa kama "karibu sawa", lina 621. Hapo umepoteza karibu asilimia 4: injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, kelele inaongezeka safarini, na spidomita, ambayo waya wake unazungushwa na gurudumu moja la mbele, inakuonyesha kasi kubwa kuliko unayokwenda. Kwa injini inayopozwa kwa hewa, kupanda mlima mrefu kwa mizunguko ya ziada si jambo la kudharau.

Epuka pia tairi la gari la mizigo, lenye herufi C baada ya saizi au maneno 8PR. Wauzaji hulisifu kuwa gumu. Ugumu huo ndio kasoro. Gari hili likijaa watu na mizigo halifiki tani 1.3, na 165/80R15 la kawaida lenye alama 87T linabeba kilo 545 kila moja, kwa mwendo wa hadi kilomita 190 kwa saa. Unacho cha kutosha na cha kubaki. Tairi la mizigo limetengenezwa kwa upepo mwingi, na gari hili linataka upepo kidogo, hasa mbele.

Upepo ndio unaokosewa kuliko kitu kingine chochote. Kwa radiali, weka PSI 18 mbele na 27 nyuma. Ndiyo, 18. Kwa krosiplai 5.60-15 ni 16 mbele na 24 nyuma ukiwa na mtu mmoja au wawili. Gari likijaa, 17 na 26. Kijana wa upepo kituo cha mafuta ataangalia tairi la mbele lilivyolala kidogo, atakuonea huruma na kuweka 32 pande zote. Mkatalie. Mbele ya gari hili ni nyepesi, hakuna injini pale. Ukijaza 32, gurudumu linarukaruka juu ya kila kokoto, usukani unatetemeka, na breki za mbele zinafunga gurudumu mapema kwenye lami yenye maji. La muhimu zaidi ni ile tofauti ya 9 kati ya mbele na nyuma. Mbele laini kuliko nyuma hufanya pua iteleze kwanza kwenye kona, na mkia ubaki mahali pake. Ukisawazisha upepo, mkia ndio unaotangulia kukimbia.

Nunua geji yako mwenyewe, inayosomeka vizuri kati ya 10 na 40, upime asubuhi kabla gari halijatembea. Geji ya malori inayofika 150 haiwezi kukuonyesha tofauti ya 18 na 22.

Umri wa tairi. Gari la zamani linatembea kilomita chache kwa mwaka, kwa hiyo kashata hazitaisha. Mpira utakufa kwanza. Tafuta neno DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe imegongwa upande mmoja tu, na fundi kwa kawaida huugeuzia ndani, kwa hiyo chukua tochi uchungulie chini ya gari. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, hata kama linang'aa kwa dawa ya kupaka. Kuanzia miaka 5 kagua kila msimu: bonyeza ubavu kwa dole gumba pale unapokunjika karibu na ardhi, utafute nyufa nyembamba kama nywele. Zikiwa kati ya kashata, au ubavu umevimba nundu, toa. Likifika miaka 10, toa hata kama halina ufa. Tairi la mtumba lililochongwa upya mifereji lisikaribie gari hili. Ubavuni mwa tairi la gari dogo na chini ya kashata zake hakuna mpira wa akiba wa kuchonga, ukichonga unakaribia nyuzi.

Wakati wa kufunga, uliza kwanza kama rimu zako zina ule mwinuko mdogo wa ndani unaozuia mdomo wa tairi kuteleza. Rimu za zamani nyingi hazina. Kwa hizo tumia tyubu. Agiza tyubu ya inchi 15 yenye valvu nyembamba, TR13, kwa tundu la milimita 11.5, valvu nene ya TR15 haitapita, na kupanua tundu kwa drili ni kuharibu rimu. Kabla ya kuingiza tyubu, pitisha kiganja ndani ya tairi jipya. Kuna karatasi za gundi za kiwandani. Zibandue zote, kwa sababu kingo zake husaga tyubu hadi ipate pancha bila msumari wowote. Paka poda ya talki. Jaza upepo kidogo, toa wote, jaza tena, ili tyubu isibaki imekunjika. Rimu yenye kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi, isubiriwe ikauke hasa.

Kubalansi kuna mtego wake. Rimu ya matundu matano ina tundu la katikati la sentimita 16 hivi, kubwa kama kisahani cha chai, na koni ya mashine ya kawaida inapwaya ndani yake. Fundi atabalansi, namba zitasoma sifuri, na usukani utatetemeka vilevile. Tafuta karakana yenye kifaa kinachoshika rimu kwa matundu ya bolti. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza bolti tena.

Usisahau tairi la akiba kule mbele chini ya boneti. Kwenye Volkswagen nyingi za miaka ya 1960 na 1970, upepo wake ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo. Ndiyo maana linajazwa hadi PSI 42, na valvu hukata kabla halijashuka kiasi cha kutotembelewa. Ukilifunga baada ya pancha, punguza upepo kwanza, hasa likienda mbele. Na kioo kikikataa kuoshwa, anza kwa kupima upepo wa tairi hilo.