Kushuka asubuhi, kupanda jioni: nilivyoutumia mchana wa Mwanza kati ya treni mbili

Kinachoharibu mchana wa kusubiri treni Mwanza ni mzigo. Pa kwenda pamejaa tele. Lakini mtu mwenye begi mgongoni, kiroba mkononi na simu iliyobaki asilimia tano hafiki Kisiwa cha Saanane wala hachagui dagaa kwa utulivu. Anaishia kwenye benchi la stesheni akilinda vitu vyake, kisha anapanda behewa amechoka kuliko alivyoshuka. Mzigo ukishatuliwa ndani ya saa moja ya kwanza, mji ni wako, kwa sababu katikati ya Mwanza pamebanana kati ya vilima vya mawe na ziwa. Stesheni, Capri Point, gati la Kamanga na masoko vyote viko karibu karibu.

Muda nauhesabu kutoka mwisho kuja mwanzo. Chukua mfano wa treni iliyoingia saa 2:00 asubuhi, na ya kurudi inaondoka saa 11:00 jioni. Hapo mtu husema ana saa tisa. Hana. Toa saa moja ya kuwa stesheni kabla ya kuondoka, nusu saa ya njiani, saa moja ya kuchukua chakula na kufunga mzigo, na saa moja na nusu ya kuoga na kujinyoosha. Zinabaki saa tano, na hizo zinatosha jambo moja kubwa na moja dogo. Kila niliyemwona akijaribu mambo matatu amekuja jukwaani anakimbia.

Kabla ya kutoka stesheni, pita dirisha la tiketi. Siku na saa za treni hubadilika, hasa msimu wa masika, maji yanapoharibu njia huko chini kati ya Kilosa na Gulwe na ratiba nzima kusogea. Swali la "itaondoka saa ngapi?" halina faida kubwa, maana utajibiwa kwa ratiba. Uliza mabehewa yako wapi. Mara nyingi mabehewa yaliyokuleta ndiyo yatakayokurudisha. Yanahitaji kufagiliwa na kujazwa maji, na kichwa cha treni kuhamishiwa upande wa pili, kwa hiyo yakichelewa kuingia na kuondoka kutachelewa. Kama unasubiri mabehewa mengine ambayo hayajafika, uliza treni imeshapita Isaka, Shinyanga au Malampaka. Reli hii, iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, ni ya njia moja. Treni mbili hupishana stesheni tu, moja ikimngoja mwenzake. Ndiyo maana jibu la "ipo Shinyanga" lina uzito kuliko saa yoyote utakayotajiwa. Hata hivyo usijipangie kuchelewa kwa kuamini na treni itachelewa. Siku utakayofanya hivyo ndiyo itakayoondoka kwa wakati.

Kisha chumba. Sitafuti hoteli ya kulala, natafuta gesti ya mchana, mitaa iliyo jirani na stesheni au kuelekea katikati ya mji. Hapa kuna mtego. Gesti nyingi siku yao huishia saa 4:00 asubuhi. Ukiingia saa 2:30 ukalipa bila kuuliza, saa 4:00 utagongewa mlango ulipie siku ya pili. Kwa hiyo sema mapema: "Dada, nataka kupumzika mpaka saa tisa na nusu mchana, ni kiasi gani?" Kabla ya kutoa hela fungua bomba uone maji yanatoka, na chomeka chaja uone soketi ina moto. Angalia na kufuli. Chumba kisichofungwa hakikusaidii kitu, kwa sababu shabaha yako ni kuacha begi humo na kuondoka mikono mitupu. Nyaraka, tiketi na fedha vinabaki mwilini.

Mpangilio wa mle ndani nao una maana. Kwanza chomeka pawabenki, maana ya mAh 10,000 hula saa tano hadi sita kujaa na simu hula mbili. Ukianza kuoga na kulala, ukakumbuka umeme saa 6:00, utapanda na pawabenki nusu. Pili, fua. Fulana mbili, soksi na nguo za ndani zikianikwa saa 3:00 kwenye jua la Mwanza zinakauka kabla ya saa 7:00. Jinzi usiiguse, ukanda wa kiuno utabaki mbichi na begi zima litanuka uvundo hadi Tabora. Tatu ndiyo kuoga. Kulala ni dakika arobaini kwa kengele ya simu, si zaidi, kwa sababu usingizi wa usiku mzima wa behewani ukikukamata mchana haukuachii.

Jambo kubwa, kwangu, ni Kisiwa cha Saanane, na ni la asubuhi. Asubuhi ziwa huwa tulivu. Mchana upepo wa ziwani huanza kuvuma kuja nchi kavu, mawimbi yanainuka na boti inarusha maji. Pia mawe ya kisiwani yanashika moto kufikia saa 6:00 mpaka huwezi kukaa juu yake. Boti huondokea Capri Point, mwendo mfupi kwa bajaji kutoka stesheni, na majini ni dakika chache tu. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo. Mwaka 1964 pakafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 2.18 tu. Udogo huo ndio unaoifaa ratiba yetu: saa mbili zinatosha kuzunguka bila kukimbizana, saa tatu ukihesabu kwenda na kurudi. Utaona pimbi wengi, swala pala, kenge na ndege, na mamba akiamua.

Malipo ni kwa kumbukumbu namba (control number), unalipia kwa simu. Weka salio la kutosha kabla hujafika getini, maana mtu mwenye noti mkononi na simu isiyo na pesa anarudi alikotoka. Vaa viatu vya soli ya mpira inayoshika. Ndala zinateleza kwenye mawe yenye vumbi. Beba lita moja ya maji. Na swali la kumuuliza mhifadhi kabla ya kuvuka ni moja: boti ya kurudi ni saa ngapi?

Maji ya ufukweni usiyaingie. Mamba ni sababu moja, ila kichocho ndicho kinachopata wengi. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia na yenye majani, yaani palepale panapovutia kuosha miguu, na vijidudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Huvisikii vikiingia.

Ukiwa na saa mbili tu, acha kisiwa. Nenda Kamanga, kwenye gati la kivuko cha kwenda upande wa Sengerema, ulitazame Jiwe la Bismarck lililosimama juu ya mawe wenzake ziwani, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani. Kwa picha, asubuhi jua liko mgongoni mwako na jiwe linaonekana kila mkunjo. Jioni linabaki kivuli cheusi mbele ya jua linalozama karibu saa 12:50, ambacho nacho kina uzuri wake kama hauna treni ya saa 11:00.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa barabara ya Musoma, napenda kuliko vyote, kwa ngoma zake na habari za vyama vya Bagika na Bagalu walivyoshindana kucheza. Lakini ni kama kilomita 20, halafu bodaboda juu, na kurudi lazima upite Igoma, Nyakato na Mabatini. Weka saa tano kamili. Kama unalala Mwanza nenda, kama unaondoka jioni acha.

Jambo dogo, ambalo kwa nyumbani ndilo kubwa, ni kitoweo. Haiwezekani utoke Mwanza mikono mitupu uulizwe. Nazungumzia cha kula nyumbani, mzigo wa biashara una vibali vyake. Sheria ya kwanza: usibebe samaki mbichi. Barafu haivumilii safari ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, na maji yake yatatiririka kwenye miguu ya jirani yako. Chagua dagaa wakavu, au sangara wa kayabo, yule aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa.

Soko la Mwaloni, Kirumba, ndiko dagaa waliko kwa wingi. Kwanza tazama mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivutii, wavuvi wengi hupumzika. Ukifika siku hizo bei iko juu na wengi wa waliopo ni wa siku nyingi. Kisha fanya majaribio matatu bila haya. Chota konzi moja, isugue viganjani na uimwage. Mchanga ukibaki, wameanikwa chini, si kwenye chanja, na hakuna kuosha kutakakoumaliza. Vunja mmoja: mkavu anakatika kwa sauti, mbichi anajikunja. Tazama rangi: wazuri wanang'aa kama fedha, walionyeshewa mvua au waliokaa wana umanjano na harufu ya mafuta yaliyochacha. Kipimo ni sado, na muuzaji ataijaza kilima juu. Muangalie kama ameshindilia au ameachia hewa. Mwanzo wa mazungumzo kwa mama wa Kisukuma ni "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana. Haishushi bei kila mara, ila kilima cha sado hukua.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo njoo na kifungashio chako. Mimi natumia ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, imetandikwa karatasi chini. Kosa la kawaida ni kuwafunga dagaa wakiwa bado na joto la jua la sokoni: wanatoa jasho ndani ya ndoo na kesho yake wana ukungu mweupe. Waache kivulini nusu saa, ndoo wazi, ndipo ufunike. Wakiwa na unyevu kidogo wanafaa zaidi kwenye kiroba kinachopumua, harufu na iwe.

Cha kula njiani ni sato wa kukaanga, na anaagizwa asubuhi kwa mama lishe, si saa moja kabla ya treni. Wawili wa nusu kilo wanatosha mtu mmoja kwa siku ya kwanza. Chagua mwenye macho angavu na mashavu mekundu, na asiwe mdogo: chini ya sentimita 25 sheria hairuhusu kuvuliwa. Mwambie mama, "shikamoo mama, huyu ni wa safari, mkaange mkavu." Maana yake apare magamba, atoe mashavu na matumbo, amchanje ubavuni mara tatu, chumvi nusu saa, achuje maji, ndipo mafuta ya moto wa kati. Ishara ya kuiva kwa safari ni sauti: mafuta yakipunguza kelele, maji ya ndani yameisha. Apoe, akaangwe mara ya pili kwa muda mfupi. Akifungwa wa moto kwenye karatasi, mvuke unamlainisha, na usiku huo huo ameharibika. Ukila jioni na asubuhi, mmalize. Siku ya pili ni ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa, ambavyo vinatafunwa vikavu. Usichanganye na michembe, hivyo hukaushwa vibichi na vinataka sufuria nyumbani.

Kurudi stesheni, ogopa saa 10:00 na kuendelea. Barabara za Kenyatta, Nyerere na Makongoro zote zinamimina magari katikati ya mji, na mvua kubwa ikishuka Mto Mirongo hujaa na kila kitu kinasimama. Ukiwa Mwaloni ondoka kabla ya saa 9:00. Bodaboda na ndoo ya lita 20 havipatani, chukua bajaji na mpatane nauli kabla ndoo haijapanda.

Behewani ndoo inakaa chini ya kitanda cha chini, upande wa mlango. Juu kuna joto, na mfuniko ukifunguka mtikisiko unawamwagia wenzako. Zungushia gundi ya karatasi kwenye mfuniko. Treni ikisimama Shinyanga fungua ndoo, uitoe koridoni kama hakuna anayepita, ikae wazi dakika kumi, kisha ufunge tena.