Ndoano Isiyo na Jino

Binti yangu alikuwa akipekua makoti ya zamani, akatokea na ile kofia yangu ya kahawia, ameishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya.

"Baba, hii ndoano imevunjika?"

Ilikuwa imechomekwa ukingoni mwa kofia, manyoya yake yamekwisha kuliwa na nondo. Haikuvunjika. Niliibana mimi mwenyewe kwa koleo, Jumamosi moja kwenye ziwa Rutundu.

Rutundu wengi wanalijua kwa sababu ya mwanamfalme William wa Uingereza na Kate, waliofika huko mwaka 2010. Mimi nalijua kwa sababu ya mkono wa Mwalimu, yule aliyenifundisha kuvua kwa ndoano za manyoya.

Gari tuliliacha ng'ambo ya korongo, tukashuka na mizigo hadi mtoni, tukapanda tena upande wa pili tukihema. Ziwa ni dogo, kaskazini mwa Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Maji huko huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo viazi vyetu vilitokota saa nzima na katikati bado vinalia kachu. Maharage makavu usijisumbue kuyabeba.

Mimi mtu wa pwani, nimekulia kwenye mshipi wa mkono: chubwi, ndoano, kipande cha ngisi, basi. Mwalimu akanifungulia sanduku la manyoya, yaani ndoano zilizovishwa manyoya zifanane na vidudu. Trauti, samaki tuliowafuata, nao si wenyeji, akaniambia. Wa kwanza aliwaleta mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Uskoti, wakatiwa mto Gura kule Aberdare. Hawa wa Rutundu ni aina nyingine, wale wenye mstari wa waridi ubavuni, walioletwa baadaye. "Mgeni na mgeni mtaelewana."

Akanichagulia Woolly Bugger ya kijani cha zeituni, namba 8, mkia wa manyoya laini unaochezacheza majini kama kiluwiluwi. Uzi wa mwisho, mita 3 hivi, wa kubeba kilo 2 na nusu. Fundo nililidharau, maana nafunga mafundo tangu nikiwa mtoto. Unapitisha uzi tunduni, unauzungusha juu ya wenyewe mara 5, unarudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho kando ya tundu, halafu kwenye kile kikubwa kilichojitokeza. Kisha unalowesha kwa mate ndipo ukaze. Ukikaza nailoni kavu inapata joto la msuguano na kudhoofika palepale fundoni. Nilikaza kavu mara mbili; mara zote mbili Mwalimu alivuta kidogo tu, ikakatika.

Halafu akatoa koleo, abane kile kijino cha nyuma ya ncha. Nikakataa. Ndoano bila jino, kwetu, ni kisu bila makali: samaki akitikisa kichwa tu, kwaheri. Hakubishana. Alibana zake.

Kosa la pili lilikuwa la kukaa. Boti ya makasia ikiachwa ielee, inakaa ubavu kwa upepo, na wavuvi wawili wanarusha kule upepo uendako. Anayerusha kwa mkono wa kulia anatakiwa awe mwisho wa kulia, ili mshipi wake upite juu ya maji, usipite juu ya mwenzake. Mimi nikang'ang'ania tezi, nyuma ya boti, kwa kuwa nahodha hukaa tezi, na tezi siku hiyo ilikuwa kushoto. Mwalimu akaenda omo, mbele, bila neno.

Saa sita upepo ukazidi, ukitupiga mgongoni. Watu hudhani upepo wa nyuma ni msaada. Unaporusha mbele, sawa. Lakini mshipi ukiwa nyuma unaukandamiza chini kabla haujanyooka. Dawa yake ni kuurusha nyuma kwa nguvu na juu zaidi, na kuungoja unyooke. Mimi sikungoja. Nikavuta mbele, nikahisi uzito, nikafurahi.

"Usivute," akasema Mwalimu.

Jua lilikuwa limemfanya akunje mikono ya shati. Ndoano ilikuwa imezama nyuma ya mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, manyoya ya kijani yakipepea juu ya ngozi kama mdudu aliyetua kupumzika. Damu tone moja tu. Nilitaka kuirudisha ilikopitia. Akanizuia, maana jino lingechana nyama. Akanielekeza kwa sauti ileile ya darasani. Kata uzi. Chukua uzi mnene, wa kilo 10, ukunje uwe mara mbili, pitisha kwenye mpindo wa ndoano, pale inapoingia mwilini. Zungusha ncha kiganjani. Sasa kwa kidole gumba cha mkono mwingine kandamiza upande wa tundu hadi ulale kwenye ngozi. Hapo jino linaachia nyama. Kisha vuta mara moja, kwa ghafla, chinichini, sambamba na ngozi.

"Ukisitasita, unaikita upya."

Nilisitasita. Si kwa kuvuta. Nilisitasita kabla, nimeshika uzi, boti ikielea, nikiangalia vinyweleo vya mkono wake vimesimama kwa baridi. Akageuza uso, akaanza kuhesabu yeye mwenyewe. Nikavuta kwenye mbili.

Ilitoka kama haikuwahi kuwamo, ikapita karibu na sikio langu, ikanasa kwenye ukingo wa kofia. Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yaliyochemshwa. Sindano ya pepopunda alichomwa Nanyuki Jumatatu, akiwa anacheka.

Jioni ile nilibana meno ya ndoano zote, pamoja na hiyo ya kofia bila kuichomoa. Jumapili asubuhi nikashika wawili. Wa kwanza tulimpasua, nyama yake ya waridi. Mwalimu akataka siagi, mimi nikalilia tui. Wa pili aliruka mara moja, akatikisa kichwa, akaenda zake. Huenda niliulegeza mshipi aliporuka. Mwalimu anaapa niliulegeza. Huenda ni kukosa jino.

Binti yangu alikuwa bado amesimama na kofia. Nikamwonyesha sanduku langu la ndoano. Safu ya juu zimebanwa. Ya chini, hazijabanwa.

"Sasa unatumia zipi?"

Nikamwambia inategemea nimekaa na nani.