Programu haichakai: nilivyojifunza kutafuta hitilafu za PLC na mitandao yake

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kutafuta hitilafu za PLC, yaani vile vidhibiti vinavyoendesha mashine za viwandani kwa kufuata programu, ni kazi ya kusoma programu. Kila mashine iliposimama niliunganisha kompyuta, nikafungua mchoro wa ngazi, yaani programu iliyochorwa kwa vidato kama ngazi, na kuufuata mstari kwa mstari. Siku moja pampu iligoma kuwaka, nami nikakaa mbele ya kompyuta zaidi ya saa mbili nikitafuta kwa nini sharti moja halitimii. Fundi mkuu alikuja, akasimama nyuma yangu, akauliza, “Kijana, taa ya ingizo namba tano inasemaje?” Alimaanisha taa ndogo ya PLC inayoonyesha kama ishara ya sensa au swichi imefika. Nikamjibu, “Sijaitazama, mzee.” Tulipofungua kabati tuliikuta imezimika. Waya wa swichi ya kiwango cha maji ulikuwa umefungwa vibaya tangu mwanzo: skrubu ilikuwa imebana ganda la plastiki badala ya shaba, na mtikisiko wa mashine ukamalizia kuulegeza.

Kosa langu halikuwa uvivu. Nilikuwa nimeanzia mahali pasipo na uwezekano mkubwa wa kuharibika. PLC zilibuniwa kuchukua nafasi ya makabati ya relei, yaani swichi zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme. General Motors ilitoa mahitaji ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1968, na Modicon 084 ikafika kiwandani mwaka 1969. Mchoro wa ngazi wenyewe ulifuata michoro ya relei ili mafundi umeme wausome bila kuanza upya. Relei huchakaa, waya hukatika, sensa hujaa vumbi na vali hukwama, lakini programu haichakai. Ikiwa mashine imefanya kazi miaka mitatu na leo imesimama, na hakuna aliyegusa programu, basi kilichobadilika kiko nje yake. Programu ni ya kusomwa ili ikuambie inasubiri nini, kisha uondoke mbele ya kompyuta ukakitafute kile inachokisubiri.

Namna ya kukitafuta inatokana na jinsi PLC inavyofanya kazi. Husoma maingizo yote, hutekeleza programu, kisha huandika matokeo, na huurudia mzunguko huo mara nyingi kwa kila sekunde. Kwa hiyo ishara moja ina vituo kadhaa ambavyo macho yanaweza kuvikagua. Ikiwa taa ya sensa inawaka na taa ya ingizo kwenye moduli, yaani kipande cha PLC kinachounganishwa na nyaya, haiwaki, tatizo liko kwenye waya au kwenye aina ya sensa iliyofungwa, kwa mfano NPN, inayounganisha ishara na upande hasi, mahali palipotakiwa PNP, inayoiunganisha na upande chanya. Ikiwa taa zote mbili zinawaka na programu bado inaona sifuri, nitaishuku moduli au anwani. Upande wa matokeo unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu katika moduli nyingi taa huonyesha amri iliyotolewa tu. Fyuzi iliyoungua au mguso wa relei uliokufa hauonekani hapo, na ni multimita peke yake itakayokueleza kama volti 24 zimefika kwenye vali. Kwa ishara za miliampea 4 hadi 20, kusoma sifuri ni habari njema kwa mtafutaji, maana kipimo halali cha chini kabisa ni 4, na sifuri huashiria kwamba waya umekatika au sensa haina umeme.

Mitandao ya vifaa ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu zaidi, kwa kuwa huko kifaa kinacholalamika mara nyingi hakina kosa lolote. Nilipewa mtandao wa DeviceNet, aina ya mtandao unaounganisha PLC na sensa na vifaa vingine kwa kebo moja, ambao vifaa vyake vilikuwa vikipotea na kurudi bila mpangilio: asubuhi namba 14, mchana namba 22, siku nyingine vyote viwili. Nilibadilisha cha kwanza, kisha cha pili. Nikajiongezea tatizo, kwa sababu niliweka anwani ya kifaa kipya vibaya, ikagongana na ya jirani yake. Taa yake ya mtandao ikawaka nyekundu mfululizo, nami nikadhani nimeletewa kifaa kibovu.

Mtandao huo unaruhusu anwani 64, kuanzia 0 hadi 63. Una kebo kuu, ambayo mimi huiita shina, na matawi yanayokwenda kwenye vifaa, kila tawi lisizidi mita 6. Shina la kebo nene linaweza kufika mita 500 kwa kasi ya kilobiti 125 kwa sekunde, lakini kwa kilobiti 500 halipaswi kuzidi mita 100. Kila ncha ya shina hufungwa resista, yaani kipande kinachozuia mkondo wa umeme, ya omu 121, ili ishara inapofika mwisho isirudi nyuma na kuvuruga zile zinazofuata. Resista hizo mbili zikiwa sambamba, ukizima umeme wa mtandao na kupima kati ya waya mweupe na wa buluu unapaswa kusoma takribani omu 60. Ukisoma 120, moja haipo, au shina limekatika kati yako na ncha mojawapo.

Nilipopima hatimaye, nilisoma 40. Nilipima tena nikidhani nimekosea, nikapata hiyo hiyo. Omu 121 ukigawa kwa tatu unapata takribani 40, maana yake kulikuwa na resista tatu. Nikaufuata mtandao kwa miguu, nikifungua boksi moja baada ya jingine, hadi nikafika mahali ambapo zamani shina liliishia. Mtandao ulikuwa umerefushwa ili kuunganisha mashine mpya, resista mpya ikafungwa kwenye ncha mpya, na ile ya zamani ikaachwa katikati ya njia. Ishara zilikuwa zikidhoofika na kuakisiwa, na kifaa chochote kilichokuwa mahali pabaya kwa wakati mbaya ndicho kilichoanguka. Nilitoa resista moja ndogo. Kipimo kikasoma 60, na namba 14 na 22 hazikupotea tena. Vifaa viwili nilivyovitoa nilivipima mezani. Vyote vilikuwa vizima.

Tangu hapo, kabla ya kuunganisha kompyuta, huzima umeme wa mtandao pale kazi inaporuhusu, hupima, kisha huandika omu nilizosoma pamoja na tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mtandao ukirefushwa, mstari mpya huandikwa chini ya ule wa zamani, nao hutaja resista imetolewa wapi na kufungwa wapi.