Kodi ya kutoa pesa yako mwenyewe

Watu wananiuliza kwa nini mimi mtu wa Busia ya Uganda, tena wa biashara ndogo, naongea kama wale wataalamu wa soko huria. Jibu langu ni mwaka 2018. Tarehe 1 Julai mwaka huo serikali yetu ilianzisha kodi mbili siku moja. Ya kwanza ilikuwa shilingi 200 kila siku ukitaka kuingia WhatsApp au Facebook, ile tuliiita OTT, na Mzee mwenyewe, Rais Museveni, alikuwa ameandika barua kwamba mitandao hiyo inaleta lugambo, yaani umbeya. Ya pili asilimia 1 kwenye mobile money, na hiyo ilikuwa ukiweka unakatwa, ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa.

Sasa chukua mama anayeuza samaki, mteja wa Kampala anamtumia laki 5. Ile laki 5 yote si faida yake jamani, humo ndani kuna pesa ya mvuvi, ya barafu, ya gari, pengine yeye anabaki na elfu 30. Lakini kodi haikuuliza faida ni ngapi, iliangalia laki 5 tu. Elfu 5 kuweka, elfu 5 kutuma, elfu 5 kutoa, jumla elfu 15, yaani nusu ya kile ambacho mama angebaki nacho, na hapo bado hujahesabu ada za kampuni ya simu. Utaniambia nyingine kakatwa mteja. Sawa, lakini mteja akiona gharama imepanda anafanya nini, si anamwambia mama ashushe bei?

Watu wakarudi kwa cash. Pesa ikaanza kusafiri kwa bahasha na dereva, kwa soksi, kwa mfuko wa unga, na biashara ambazo zilikuwa zimeanza kuacha rekodi kwenye simu zikapotea tena machoni pa hao hao wanaotafuta walipa kodi. Kelele zikawa nyingi, kabla mwaka haujaisha sheria ikarekebishwa ikabaki asilimia 0.5 ya kutoa peke yake, na hiyo tunakatwa mpaka leo. OTT nayo watu waliikimbia kwa VPN, ile programu ya kuficha uko mtandao gani, hata wazee ambao simu wanashikiwa na wajukuu walijua VPN ni nini (na VPN yenyewe inakula bando, kwa hiyo kuna watu walikwepa shilingi 200 kwa kutumia data ya 300, ni hasira tu). Mwaka 2021 wakaitoa, wakaweka asilimia 12 kwenye data. Umeongea lugambo ama umetafuta bei ya mahindi, unalipa sawa.

Mimi sisemi kodi isiwepo. Nataka barabara, nataka mpaka ambao lori halilali, nataka korti ambayo mtu akinidhulumu nasikilizwa kabla sijazeeka. Ninachosema, itoze faida ama itoze kitu nikishanunua, kiwango kiwe kidogo na mtu aweze kukielewa bila kulipa mhasibu. Ukitoza mwendo wa pesa, pesa inaacha kutembea mahali unapoiona. Wazee wa mpakani hawahitaji kufundishwa hilo. Wakati wa Idi Amin, Coffee Marketing Board, bodi ya serikali, ndiyo peke yake ilikuwa mnunuzi halali wa kahawa na mkulima alikuwa anapewa pesa ya huruma, halafu barafu ikapiga kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikaruka, na kahawa yetu ikavuka usiku kwenda Kenya, Chepkube pakawa soko kubwa la magendo. Watu waliuawa kwa ile biashara na bado ilienda. Soko la kahawa lilipofunguliwa mwaka 1991 ndipo mtu akaweza kuuza mchana bila kuangalia nyuma.

Na pesa tunayotoa inaenda wapi? Wabunge zaidi ya 500, mawaziri karibu 80, wilaya zaidi ya 130 na kila moja inataka RDC, yule mwakilishi wa Rais wilayani, na gari la RDC. Hapo sina la kuongeza.

Lakini kuna kitu kinachogawanya hata sisi wa soko huria, na ni patenti na hakimiliki. Wenzangu wengi wanasema wazo ni mali kama shamba. Mimi nasita. Shamba langu ukilima wewe mimi silimi, lakini dawa yako nikiitengeneza na mimi, wewe bado unayo. Patenti ni serikali kumpa mtu mmoja kufuli la soko, sasa mbona tunalia na Coffee Marketing Board halafu hii tunaisifia?

Angalia dawa za ukimwi. Kufika mwaka 2000 dozi ya mtu mmoja kwa mwaka ilikuwa inapita dola 10,000, na hapa watu walikuwa wanazikwa kila wiki. Februari 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, ikasema inaweza kutoa kwa dola 350 kwa mwaka, na iliweza kwa sababu sheria ya India wakati huo haikuwa inatoa patenti ya dawa yenyewe, ilikuwa inalinda njia ya kuitengeneza tu. Baadaye, 2007, kiwanda kikafunguliwa Luzira hapa kwetu kwa ushirikiano na hao hao Cipla, na nchi maskini kama yetu bado zina ruhusa ya WTO, Shirika la Biashara Duniani, kutolinda patenti za dawa mpaka 2033. Atakayeniambia huo ni wizi wa mali, aje tuongee na waliobaki hai.

Muziki naona tofauti kidogo. Msanii anastahili kulipwa wimbo wake ukiwekwa kwa simu za watu, hilo sibishi, lakini sheria yetu ya 2006 inalinda kazi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na sijawahi kukutana na msanii anayeimba kwa sababu ya mwaka wa 50 kaburini. Anataka hela yake ya mwezi huu. Mpe mkataba anaouelewa na kampuni, na korti ndogo ya karibu pale kampuni ikimzungusha, hiyo miaka mingine mimi ningeipunguza.

Kama unabisha, bisha, lakini uje na hesabu.