Kukata chuma cha milimita 50 nyumbani, grenda siyo jibu la kila kitu

Nilikuwa nahitaji vipande viwili vya chuma cha duara, kile kizima cha ndani, mnene wa milimita 50, nitengeneze presi ndogo ya kwenye karakana yangu hapa nyumbani. Nimesema niandike mapema kabla sijasahau maana hii kazi watu wanaichukulia poa sana, mtu anakwambia si unachukua grenda unakata unamaliza, aisee chuma kinene ni habari nyingine kabisa.

Hebu angalia hesabu yenyewe. Chuma cha duara cha milimita 25 ukikikata msumeno unapita kwenye milimita za mraba kama 490, cha 50 ni kama 1,960, yaani unene umezidi mara mbili tu lakini kazi imekuwa mara nne, na joto nalo linaongezeka. Uzito hivyo hivyo, mita moja ya hicho cha 50 ni kilo 15 na ushee.

Mi nilianza na grenda kweli, ile ndogo ya jiwe (lile duara jembamba linalokata) la milimita 115. Tatizo la kwanza jiwe la hivyo halizami zaidi ya sentimita 3 hivi kabla kichwa cha grenda hakijagusa chuma, kwa hiyo unakata kidogo unazungusha unakata tena, na kama alama hukuizungushia vizuri chuma kizima njia ulizokata hazikutani, unabaki na ngazi katikati. Tatizo la pili ndo lilinitisha. Nilikuwa nimekiegesha chuma huku na huku, kwenye mbao mbili, nikiamini nimekishikilia vizuri, kumbe kadiri unavyokata kinalegea katikati kinashuka, njia inajifunga kwa juu, ikalibana jiwe na grenda ikaruka kunirudia, jiwe likapasuka vipande vipande. Namshukuru Mungu kava lilikuwepo na miwani nilivaa. Naomba sana usikatie grenda bila kava, hata kama linakuzuia kuona vizuri, na usisimame usawa wa jiwe.

Tangu siku hiyo nabana upande mmoja kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, nakata karibu kabisa na jiliwa, na ule upande wa kudondoka nauacha uning'inie wenyewe ili njia ifunguke badala ya kujifunga. Na kwenye jiwe soma maandishi yake: kasi ya mzunguko iliyoandikwa pale isiwe chini ya ile ya grenda yako, na tarehe ya mwisho huwa iko kwenye ile pete ya chuma ya katikati, maana gundi iliyoshika jiwe inazeeka. Jiwe jembamba la kukatia halisukumwi kwa ubavu hata siku moja.

Halafu kuna joto. Kama chuma chako kina kaboni ya kutosha, ukikikata na grenda mpaka mwisho wake ukawa mwekundu halafu ukakitumbukiza kwenye maji, unakikausha hicho, yaani kinakuwa kigumu hata biti ya drili inashindwa kuingia. Kiache kipoe chenyewe.

Kipande cha pili nikakata kwa msumeno wa mkono, na hapa ndo nataka watu wanielewe. Bledi nyingi zinazouzwa zina meno 24 au 32 kwa inchi, hizo ni za bomba na bati. Kwenye chuma kinene meno madogo hivyo yanajaa chenga, hazina pa kwenda, bledi inateleza tu juu na wewe unazidi kukandamiza. Chukua ya meno 18, au 14 ukiipata. Meno yaangalie mbele, mbali na mshikio, kaza bledi isipinde, sukuma kwa nguvu ya kiasi na ukirudi nyuma legeza, usiburuze meno kinyume. Kama mara 50 kwa dakika inatosha kabisa, ukienda mbio unaichoma bledi bure. Tia mafuta kidogo kila baada ya muda.

Bledi yangu ikaisha makali nikiwa nusu ya njia, nikaweka mpya kwenye njia ileile ikakwama palepale. Sababu ni kwamba meno ya bledi yamepindwa kidogo kulia na kushoto, yakichakaa njia inakuwa nyembamba, mpya haipiti. Geuza chuma uanze upande wa pili ukutane na njia ya kwanza.

Wenye msumeno wa mkanda nawaonea wivu mzuri tu, maana ndo mashine ya kazi hii, kwa chuma laini mkanda uende kama mita 30 kwa dakika, siyo kasi ya mbao, na chenga zitakwambia kila kitu: zikijikunja vizuri uko sawa, zikiwa unga hujakandamiza vya kutosha, zikiwa za bluu zimeungua punguza mwendo. Ila kabla hujaweka chuma cha kuokoteza, hasa shafti za gari, pitisha tupa kwanza. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo ujue ngozi ya hicho chuma imekaushwa na meno ya mkanda yatang'oka.

Kile cha mkono kilinichukua zaidi ya nusu saa pamoja na kupumzika. Nilipokishika mwisho wake ulikuwa vuguvugu tu, umenyooka, nikapitisha tupa kuzunguka ukingo na kikaingia kwenye presi siku hiyohiyo. Kile cha grenda bado nakisawazisha.