Bangili ya Bi Mkubwa

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla ya chai, tunawapima uzito wazee wetu hapa makaoni. Mwezi uliopita Bi Mkubwa wa kitanda cha nne alikuwa na kilo 66. Mwezi huu 62.

Mwanawe alifurahi. Alishapiga hesabu kwenye simu: kilo 66 kwa mtu wa sentimita 150 ni BMI 29, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, amezidi uzito. "Dada, mmefanya vyema. Na hizo nazi mzipunguze, mama ana presha."

"Kakangu," nikamwambia, "kilo nne hizo zimeninyima usingizi."

Angekuwa na miaka 40 ningempongeza. Lakini huko Ulaya na Marekani, ambako wazee wa makao wamefuatiliwa sana, wembamba ndio hutangulia. Walionenepa kidogo huishi zaidi. Si kwamba mafuta ni dawa. Mara nyingi ugonjwa huanza kumkausha mtu kimyakimya, mizani ikaja kutoa habari tu. Ila pia mzee asiye na akiba mwilini, homa ya siku tatu yamwangusha. Ndiyo maana akipungua asilimia 5 kwa mwezi, au 10 kwa miezi sita, tunashtuka. Nne katika 66 ni asilimia 6. Nikamzungushia futi ya fundi cherehani kwenye shavu la mguu: sentimita 30. Chini ya 31 si dalili nzuri, misuli inakwisha.

Kusema kweli, bangili ilinitangulia kuniambia. Ile ya fedha aliyoolewa nayo. Aliinua mkono kufunga mtandio, ikateleza mpaka kiwikoni.

Nikamuuliza mbona mahamri yanarudi jikoni mazima. "Sina hamu, mwanangu." Wote husema hivyo, na mimi sikubali tena. Nikamwomba atoe meno ya bandia. Ufizi wa chini ulikuwa na kidonda chekundu, kama punje ya kunde. Wiki tatu alikaa nacho, asije akaonekana msumbufu.

Meno yamepelekwa kurekebishwa. Yeye sasa anapewa uji wa mtama kwa tui zito, mbaazi za kupondwa, samaki aliyechambuliwa miiba. Chumvi nimeibana, kwa ajili ya presha. Jumamosi mwanawe alikuja na nazi nne kikapuni, akazitua mezani bila neno.

Jana nikampima nje ya zamu: 62 na nusu. Bi Mkubwa akataka kujua hiyo nusu ni yake au ya leso.