Kosa la Oedipus

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari nilifundishwa kwamba kila shujaa wa tanzia, yaani tamthilia inayoishia kwenye maafa, ana dosari moja katika tabia yake, na kwamba dosari hiyo ndiyo inayomwangusha. Mtihani ulipouliza dosari ya Oedipus ni ipi, jibu lililotarajiwa lilikuwa kiburi. Nami nikaandika kiburi, nikapata alama zangu, nikaliweka jambo hilo kando kwa miaka mingi. Nilipoirudia tamthilia yenyewe, iliyotungwa na Sophocles wa Athens ya kale, nikiwa mtu mzima, katika tafsiri ya Samuel Mushi iitwayo Mfalme Edipode, niliisoma polepole nikitafuta mahali ambapo kiburi cha mtu huyu kinamfanya amuue baba yake na kumwoa mama yake. Sikupaona. Nilichokiona ni kijana aliyetabiriwa huko Delphi, penye hekalu la mungu Apollo, kwamba atayatenda mambo hayo mawili, akatishika, akaapa kutorudi Korintho kwa wazee aliowajua kuwa ndio waliomzaa, na kwa uamuzi huohuo wa kuwaepusha na madhara akashika njia iliyomfikisha penye njia panda, ambapo baba yake halisi, Laius mfalme wa Thebes, alikuwa akipita na gari lake la kukokotwa na farasi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza tulilitoa wapi lile jibu letu la mtihani, na kila nikifuatilia najikuta nimerudi kwenye neno moja la Kigiriki, hamartia, yaani kukosa.

Mwanafalsafa Aristotle alizaliwa mwaka 384 KK, Sophocles akiwa amekwisha kufa zaidi ya miaka ishirini nyuma yake, kwa hiyo anapoandika kuhusu tanzia katika kitabu kinachojulikana kama Poetiki anaandika kama mtu anayezitazama kazi za kizazi kilichopita na kujaribu kueleza kwa nini zinamgusa. Anauliza ni mtu wa namna gani ambaye anguko lake linatuletea huruma na hofu kwa pamoja. Mtu mwema kabisa hafai, kwa sababu kumwona akitolewa kwenye neema na kutupwa kwenye dhiki kunatuchukiza tu. Mwovu naye hafai, kwa kuwa anguko lake tunaweza hata kulifurahia. Anabaki yule aliye kati ya hao wawili, mtu mwenye jina na hadhi, ambaye haangushwi na uovu wake bali na hamartia fulani. Mfano wa kwanza anaoutaja ni Oedipus.

Neno hilo linatokana na kitenzi ambacho mshairi Homer alikuwa akikitumia kwa mkuki uliorushwa vitani ukampita adui bila kumgusa. Karne kadhaa baadaye waandishi wa Agano Jipya walilitumia neno hilohilo wakiwa na maana nyingine, na Biblia zetu za Kiswahili zinaliita dhambi, kama inavyostahili katika maandiko hayo. Tatizo linaanza pale tunapoirudisha maana hiyo ya baadaye kwenye jukwaa la Athens la karne ya 5 KK, tukamsomea Oedipus kesi ya dhambi ambayo mtunzi hakumfungulia.

Nami naona Kiswahili kinatusaidia hapa kwa wepesi unaonishangaza kila ninapoufikiria. Mwindaji anakosa shabaha. Mtoto anakuja kwa mzazi wake na kusema, nimekosa. Mgonjwa anakosa usingizi, na msafiri anakosa habari za nyumbani. Kitenzi ni kimoja, na kinabeba kwa pamoja kutolenga sawasawa, kutenda lisilofaa na kutokuwa na kitu unachokihitaji. Oedipus alikosa kwa maana zote tatu. Alikosa habari ya uzazi wake, kwa kukosa habari hiyo akakosa njia, na alipofika mwisho wa njia hiyo alikuwa ametenda kosa ambalo hakuna mtu anayeweza kulitaja bila kusita.

Tuutazame kwa karibu ule wakati ambapo mambo yanageuka. Mjumbe anawasili kutoka Korintho na habari kwamba Polybus, ambaye Oedipus anamdhania kuwa baba yake, amefariki dunia. Ni msiba, lakini Oedipus anapata nafuu: utabiri umeshindwa, kwa kuwa mzee amekufa kifo cha kawaida. Hata hivyo bado anamwogopa Merope, yule anayemdhania kuwa mama yake. Mjumbe, ambaye amekiri waziwazi kwamba amekuja akitumaini kutuzwa, anataka kumwondolea mfalme hofu hiyo pia. Usiogope, anamwambia, Polybus hakuwa damu yako. Mimi mwenyewe nilikupokea mchanga kutoka kwa mchungaji wa nyumba ya Laius, vifundo vya miguu yako vikiwa vimetobolewa. Aristotle aliuchagua wakati huu kuwa mfano wake wa mgeuko wa mambo, ambapo tendo lililokusudiwa kuleta faraja linaleta kinyume chake.

Lakini kinachonishika mimi zaidi ni Jocasta, mjane wa Laius aliyeolewa na Oedipus, ambaye ndiye mama yake mzazi. Wakati wanaume hawa wawili wanaulizana na kujibizana yeye amesimama palepale, kimya, na anaelewa kabla ya mumewe. Waigizaji wa Athens walivaa barakoa, kwa hiyo hadhira haikuweza kuuona uso ukibadilika. Ilichokuwa nacho ni kimya chake tu. Oedipus anapomgeukia, anamsihi aache kuuliza. Naye Oedipus anadhani mkewe anaona haya kwamba mumewe huenda akagundulika kuwa mtoto wa watumwa. Jocasta anaingia ndani ya nyumba na hatutamwona tena akiwa hai.

Kisha analetwa mchungaji mzee, yule aliyekabidhiwa mtoto akamtupe mlimani. Hataki kusema. Oedipus anaamuru mikono yake ipindwe nyuma ya mgongo. Neno kwa neno mzee anafikishwa mahali ambapo analalamika kwamba sasa amelifikia lile la kutisha la kusema, na Oedipus anamjibu kwamba naye amelifikia la kutisha la kusikia, lakini sharti lisikiwe. Anapoulizwa kwa nini basi alimpa mtu mwingine mtoto yule badala ya kumwua, jibu la mzee ni kwamba alimwonea huruma. Kila mtu katika mnyororo huu amelenga wema au walau usalama: mchungaji kwa huruma, mjumbe kwa faraja, Oedipus kwa kukimbia. Mishale yote imekosa.

Sisemi kwamba Oedipus ni mpole. Anamtukana Tiresias, nabii kipofu, anamshuku shemeji yake Creon kwa uhaini bila ushahidi, na pale njia panda aliua kwa hasira watu waliotaka kumsukuma nje ya njia, baada ya mzee aliyekuwa ndani ya gari kumpiga kichwani kwa fimbo ya kuswagia wanyama. Hasira hiyo ilimfanya amuue mzee mmoja. Haikumfanya mzee huyo awe baba yake. Hapo ndipo nadharia ya dosari ya tabia inaponiishia nguvu. Na uking'ang'ania kuitafuta sifa iliyomwangusha, utakutana na ile hamu yake ya kujua mpaka mwisho, sifa ileile iliyomwezesha kukitegua kitendawili cha lile zimwi Sfinksi na kuiokoa Thebes, nami siwezi kuiita hamu hiyo dosari.

Neno hubris, ambalo tumezoea kulitafsiri kiburi, nalo lilikuwa na maana ya kisheria huko Athens: kumpiga au kumdhalilisha mtu kwa makusudi ili kumvunjia heshima. Lilikuwa kosa la kushtakiwa mahakamani, wala si hali ya moyo tu.

Kosa linaloweza kuepukika, na ambalo linaumiza kwa namna nyingine, ni la Creon katika Antigone, tamthilia nyingine ya Sophocles, ambamo Creon sasa ndiye mfalme wa Thebes. Ameamuru maiti ya Polynices, mwana wa Oedipus, isizikwe, na Antigone, dada wa marehemu aliyeivunja amri hiyo, amemfungia ndani ya pango akiwa hai. Tiresias anamwonya, hatimaye Creon anaingiwa na hofu na kuwauliza wazee wa korasi, lile kundi la waimbaji wanaoyafuatilia matukio jukwaani, afanye nini. Wanampa mpangilio ulio wazi kabisa: nenda ukamtoe msichana, kisha umjengee kaburi aliyekufa. Creon anakubali, anatoka mbio. Baadaye mjumbe anaposimulia yaliyotokea tunagundua kwamba walianza na maiti. Waliiosha, wakaichoma moto, wakainua kichuguu cha udongo, ndipo wakaelekea pangoni. Antigone alikuwa amekwisha kujinyonga. Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, anajiua kwa upanga mbele ya baba yake, na mke wa Creon anafuata. Mtunzi hakuweka hotuba yoyote ya kueleza kwa nini mpangilio uligeuzwa. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na ile saa moja au mbili iliyopotea kwenye maziko inanihuzunisha kuliko amri yenyewe, kwa sababu wakati huo Creon alikuwa tayari amejirudi.

Si tanzia zote za Kigiriki zinazoingia katika kipimo hiki, na ni vizuri kukiri hivyo. Medea wa Euripides, aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 431 KK, anatamka mwenyewe kwamba anafahamu ubaya wa jambo analokwenda kuwatendea wanawe na kwamba ghadhabu yake inazishinda fikra zake. Yeye hakosi shabaha. Yu karibu zaidi na Macbeth wa Shakespeare, ambaye kabla ya kumwua Duncan anajihesabia sababu zote za kutomwua, kwamba ni mfalme wake, jamaa yake na mgeni wake, na anajua kwamba hana kichocheo kingine isipokuwa tamaa ya makuu. Ile nadharia ya dosari moja inamkaa Macbeth vizuri sana, na nashuku kwamba wengi wetu tulimvalisha Oedipus nguo iliyoshonwa kwa ajili ya Macbeth.

Katika fasihi yetu yuko Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, naye namweka upande wa Oedipus. Neno lake kuhusu maji liliwaunganisha watu waliokuwa wamegawanyika, kisha likawa na nguvu kumpita yeye aliyelitamka. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anaona kwamba kauli hiyo ingewafikia watoto na wajukuu ikiwaambia kwamba wazee wao walikosea kupigana. Analibeba tendo lote pamoja na kosa lililokuwa ndani yake.

Huko kubeba ndiko ninakokuona kuwa kiini cha ushujaa huu. Oedipus anapotoka nje akiwa amejitoboa macho kwa vifungo vya nguo ya Jocasta, korasi inamuuliza ni nani aliyemsukuma kufanya hivyo. Anajibu kwamba Apollo ndiye aliyeyatimiza mateso yake, lakini mkono uliopiga macho haukuwa wa mwingine, ulikuwa wake mwenyewe. Hakatai sehemu ya mungu wala hakwepi sehemu yake.

Sophocles hakuishia hapo. Katika uzee wake aliandika tamthilia nyingine, Oedipus akiwa Colonus, iliyoonyeshwa mwaka 401 KK baada ya mtunzi kufariki. Oedipus sasa ni mzee kipofu anayeongozwa na binti yake, na Creon anapomtupia usoni mbele ya watu habari za baba na mama yake, anajitetea kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo hilo miaka mingi. Anasema mambo hayo aliyatenda bila kujua. Kisha anamuuliza Creon swali moja: kama mtu angekujia hapa sasa hivi akitaka kukuua, wewe unayejiita mwenye haki, ungemuuliza kwanza kama ni baba yako, au ungejikinga papo hapo? Creon, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa na maneno mengi, halijibu swali hilo.